Utitiri mwekundu kwenye nyanya za nyuma ya nyumba: uchambuzi wa kisa kimoja, Masasi

Bustani yenyewe iko pembezoni mwa mji wa Masasi, nyuma ya nyumba ya familia inayoishi kwa korosho. Ni matuta mawili ya nyanya aina ya Tanya, kila tuta urefu wa mita 6 na upana wa mita 1, mistari miwili kwa tuta, mche na mche sentimita 50. Jumla ni miche 48, yote imefungiwa fito. Upande wa uani kuna bilinganya kumi na nyanya chungu chache. Tuta la kwanza limepakana na barabara ya vumbi. La pili, kuanzia saa 9 alasiri, linapata kivuli cha mwarobaini.

Miche ilihamishiwa matutani wiki ya kwanza ya Julai. Kwa ukanda huu huo ni wakati mzuri, kwa sababu mvua zimekata, usiku una ubaridi na magonjwa ya ukungu yamepungua nguvu. Tatizo ni kwamba nyanya za Julai zinazaa Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali, upepo wa kusi bado unabeba vumbi na mvua za mwisho wa mwaka hazijakaribia. Hali hiyo inaumiza nyanya, lakini utitiri, vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, ndipo wanapostawi.

Mpaka msaada unaitwa, katikati ya Septemba, tuta la barabarani lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia hafifu. Vilele vya miche saba vilikuwa vimefunikwa utando mweupe, na kwenye ncha za majani ya juu wadudu walikuwa wamerundikana wekundu kama pilipili ya unga. Tuta la pili lilikuwa na madoa lakini lilikuwa bado na uhai. Kabla ya hapo bustani ilikuwa imeshapigwa dawa ya wadudu mara mbili, dawa ya ukungu mara moja, busta (mbolea ya kupuliza majani), yurea na salfa. Hali ilizidi kuwa mbaya kila baada ya hatua, na hatua mbili kati ya hizo ndizo zilizoufikisha ugonjwa hapo.

Mambo yalivyofuatana

Mwanzoni mwa Agosti kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, alionekana: vijia vyeupe ndani ya majani na tundu kwenye matunda machache. Baba mwenye nyumba alikuwa na chupa iliyobaki ya dawa ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho), ile ambayo jina la kiambato chake kwenye lebo linaanzia na Lambda. Akapiga nyanya zote, akarudia baada ya wiki. Kantangaze hakuisha, maana kiwavi wake anakula akiwa ndani ya jani na dawa ya kugusa haimfikii. Ila nyanya zilionekana safi kwa siku kadhaa, na kila mtu akaridhika.

Mwishoni mwa Agosti majani ya chini yakaanza kutoka vidoa vidogo sana vya njano iliyopauka. Jirani akapita, akaangalia, akasema, "Shemeji, hizo zina njaa, zitie yurea." Zikatiwa konzi moja kwa miche miwili. Wiki iliyofuata zikapigwa mankozebu kwa kudhani ni ukungu, pamoja na busta. Septemba ikaingia, utando ukaonekana. Hapo mtu akakumbuka kwamba salfa inaua utitiri, jambo ambalo ni kweli. Ndani kulikuwa na nusu mfuko wa salfa ya mikorosho, ile ya unga. Ikatiwa kwenye soksi kuukuu, ikapigwapigwa juu ya nyanya saa 6 mchana. Baada ya siku mbili kingo za majani machanga zilikuwa zimeungua na maua yamekauka, wakati wadudu waliokuwa chini ya majani wanaendelea na shughuli zao.

Kuhakikisha ni nani

Njano ya majani peke yake haitoshi kumtaja mdudu. Kwenye nyanya inaweza kutoka kwa ukosefu wa magnesiamu, kwa kiu, kwa bakajani, au kwa wadudu wa aina tatu au nne. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kugeuza majani, siyo kutaja dawa.

Njia iliyotumika haihitaji chombo cha maabara. Karatasi nyeupe inashikwa chini ya jani la katikati ya mmea, jani linagongwa kwa kidole mara tatu, kisha karatasi inaangaliwa kwa makini nusu dakika. Punje zinazotembea ndizo zinazotafutwa. Ukizipitishia kidole zinaacha mstari mwekundu au wa kijanikibichi. Vumbi haliachi mstari wala halitembei. Hapa karatasi ya kwanza ilijaa punje za rangi ya machungwa iliyokolea, kila moja karibu nusu milimita. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi miguu minane inaonekana, na pembeni yake kuna mayai ya mviringo yanayong'aa, yamebandikwa kwenye nyuzi za utando.

Miguu minane ina maana ya kiutendaji. Utitiri ni ndugu wa buibui na kupe, si mdudu wa miguu sita, na ndiyo maana dawa nyingi zinazoangusha inzi weupe na vidukari zinampita bila kumgusa sana. Rangi ile, utando mzito, na kupenda kwake nyanya, bilinganya na mnavu, vyote vinaelekea kwa Tetranychus evansi, utitiri mwekundu wa nyanya ambaye asili yake ni Amerika Kusini na sasa ameenea sehemu nyingi za Afrika. Ndugu yake wa madoa mawili, Tetranychus urticae, huwa na rangi ya kijani iliyofifia na hula mazao mengi zaidi, maharage na mipapai yakiwamo. Kumtenganisha kwa uhakika kunataka darubini. Kwa mwenye bustani tofauti iliyo muhimu ni moja: utitiri mla-wenziwe anayeuzwa nchi nyingine kwa ajili ya yule wa madoa mawili, Phytoseiulus persimilis, hafanyi vizuri kwa huyu mwekundu. Hatua nyingine zote ni zilezile.

Kuna mwingine wa kuondolewa kwenye orodha: utitiri wa kutu wa nyanya. Huyu haonekani kwa jicho kabisa, hafumi utando, na ugonjwa wake unapanda kutoka chini ya shina kwenda juu huku shina na majani yakigeuka rangi ya shaba. Salfa inamweza vizuri sana. Pale ambapo mtu aliponya nyanya zake kwa salfa peke yake, mara nyingi alikuwa na huyu, na ushauri wake akiupeleka kwa mwenye utando unashindwa kazi.

Kwa nini dawa ya mikorosho iliwasha moto

Dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo hiyo ya Lambda ni mojawapo, zinaua haraka wale wanaotembea wazi juu ya majani. Kwenye nyanya hao ni pamoja na mbawakawa wadogo weusi wa jamii ya Stethorus, utitiri wala-wenziwe na thiripi wala-utitiri, yaani wale wanaomla adui wetu bila malipo. Utitiri mwenyewe amejificha chini ya jani ndani ya utando, na hata dawa ikimgusa haimdhuru kwa kiasi kile. Inachofanya ni kumsumbua, ahame na kutawanyika kwenye mimea mingine. Wiki tatu baadaye walinzi hawapo na mayai yameshaanguliwa zaidi ya mara mbili.

Hesabu ya mayai ndiyo inayoeleza kasi. Jike mmoja hutaga mayai mia moja au zaidi katika maisha yake. Kwenye joto la karibu nyuzi 30, yai hadi utitiri anayetaga ni siku nane hadi kumi hivi, na kwenye ubaridi wa Julai ni zaidi ya hapo. Jike asiyepandwa naye hutaga, ila watoto wake wote huwa madume, kisha anaweza kupandwa na hao hao. Kwa hiyo jike mmoja aliyekuja kwenye nguo au kwa upepo anatosha kuanzisha ukoo.

Yurea iliongeza chumvi kwenye kidonda. Nitrojeni nyingi inatoa majani laini yenye chakula kingi cha kufyonzwa, na utitiri huzaa zaidi juu yake. Vumbi la barabara nalo lina sehemu yake, kwani linawazuia walinzi kutembea na kuwinda, na ndiyo sababu tuta la kwanza liliumia mapema kuliko la pili. Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo wazee wa bustani hawatalipenda: majivu ya jikoni yaliyomwagwa juu ya majani, kwa utitiri, ni vumbi tu. Kwa viwavi yanaweza kusaidia kidogo. Kwa ugonjwa huu yanaongeza tatizo.

Kilichokosekana kwenye maelezo ya familia ni chanzo, maana dawa ilifungua mlango lakini haikuleta mgeni. Karatasi nyeupe ikapelekwa kwenye bilinganya. Nane zilikuwa za mwaka huu, na mbili zilikuwa kuukuu, zimebaki tangu msimu uliopita kwa sababu bado zilikuwa zikitoa tunda moja moja. Zile mbili zilikuwa na utando chini ya majani yote ya chini, na chini yake, kwenye uzio, mnavu ulikuwa umejiotea na wenyewe una madoa yaleyale. Hapo ndipo utitiri walipovukia kiangazi kilichopita hadi hiki.

Salfa ilikosea wapi

Familia ilikuwa na dawa sahihi kwa nusu, na watu wengi wa Mtwara na Lindi wana mfuko huo huo stoo. Salfa ya unga imetengenezwa kwa mashine ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Unga wake haulowani, hivyo ukiutia kwenye maji unaelea juu na kuganda kwenye nozeli. Ukiumwaga kwa soksi unatua juu ya jani, na adui yuko chini. Kisha kuna joto. Salfa inaunguza majani hewa inapopita nyuzi 30 hivi, na Masasi ya Septemba saa 6 mchana imeshapita hapo, hasa kwa mmea wenye kiu.

Salfa ya nyanya ni ile inayochanganyika na maji, asilimia 80, gramu 2 hadi 3 kwa lita, ikipigwa jioni au alfajiri chini ya majani. Hiyo ni kinga na ni dawa ya mwanzo wa ugonjwa. Utando ukishafumwa haifiki ndani. Isipigwe kabisa kwenye matango, matikiti na maboga, kwani mengi huungua.

Ile salfa ya soksi ilikuwa na gharama nyingine iliyojitokeza baadaye. Salfa na mafuta havikai pamoja kwenye jani. Mafuta ya mwarobaini, ya ufuta au ya madini yakipigwa ndani ya wiki mbili tangu salfa, majani yanaungua vibaya kuliko kwa salfa peke yake. Kwa hiyo dawa ya asili ambayo familia ilikuwa nayo karibu, mwarobaini, ilifungiwa njia kwa siku 14.

Siku ya kwanza: kupunguza, kuosha, kuchuma

Miche saba yenye vilele vya utando haikutibiwa. Mche uliofika hapo hauzai tena kwa maana, na utitiri walioko kileleni wanasubiri upepo. Wanaachia uzi na kupeperushwa. Ukiung'oa kwa kuutikisa unawapandia wengine. Kila mche ulilowanishwa kwanza kwa maji ya sabuni ili wagande, ukafunikwa kiroba kutoka juu, ukakatwa shina chini, mdomo wa kiroba ukafungwa palepale. Viroba viliachwa juani siku nzima, kisha vikafukiwa kwenye shimo la kina cha nusu mita. Havikupelekwa kwenye mboji, na mbuzi hawakupewa: majani ya nyanya yana sumu kwao.

Miche 41 iliyobaki iliondolewa majani ya chini hadi kichala cha kwanza, na yale yaliyokauka tu juu ya hapo. Theluthi moja ya majani ndiyo mwisho. Kupita hapo matunda yanabaki uchi na upande wa jua unapauka na kuwa laini, hasara ambayo watu huibandika kwa dawa. Kazi ilianzia tuta la pili, lenye nafuu, ikaishia la barabarani. Aliyefanya kazi alibadili nguo kabla ya kurudi kwenye mboga nyingine. Matunda yote yaliyoanza kugeuka rangi yalichumwa siku hiyo hiyo, yakaiva ndani ya nyumba kwenye sanduku, kwa sababu baada ya dawa kungekuwa na siku za kusubiri.

Bilinganya mbili kuukuu na mnavu wa uzioni viling'olewa kwa njia ileile ya kiroba. Bilinganya nane na nyanya chungu ziliingizwa kwenye ratiba ya dawa pamoja na nyanya. Ukiziacha, baada ya wiki mbili unarudi ulipoanzia.

Kesho yake saa 1 asubuhi, majani yalioshwa kwa maji matupu kwa bomba la mgongoni, nozeli ikitazama juu kutoka chini. Maji yanavunja utando, yanaangusha utitiri wengi wasiopanda tena, na hapa yaliondoa salfa iliyobaki. Asubuhi ni bora kuliko jioni kwa kuosha, kwani majani yanakauka mapema na ukungu haupati nafasi. Kwa mwenye miche sita au kumi, kuosha hivi siku tatu mfululizo, kisha kila baada ya siku tatu, mara nyingi kunatosha bila dawa yoyote. Kwa utando wa kiasi hiki hakutoshi.

Dawa, na jinsi ya kuifikisha chini ya jani

Iliyochaguliwa ni abamektini ya gramu 18 kwa lita, ambayo maduka mengi ya pembejeo yanayo. Inapenya kutoka upande mmoja wa jani hadi mwingine, na hiyo inasaidia mpigaji asiye hodari. Jua linaivunja haraka, hivyo inapigwa kuanzia saa 11 na nusu jioni. Haiui mayai. Chupa iliyonunuliwa ilikuwa na lebo ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, nyanya zikiwa zimetajwa, na kipimo mililita 10 kwa lita 20.

Bomba la nyumbani ni la lita 16, kwa hiyo kipimo ni mililita 8. Kilipimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, la duka la dawa, likiwekwa alama na kutengwa kwa kazi hiyo tu. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwani vinatofautiana, na kuzidisha kipimo hakukuongezei chochote isipokuwa utitiri sugu na nyanya usizoweza kumpa mtoto. Maji nusu ya bomba, dawa, kisha maji mpaka ujazo. Mpimaji avae glovu, barakoa na mikono mirefu: abamektini ikiwa bado nzito ni sumu kali kwa mtu, na ni sumu kwa samaki na nyuki, hivyo maji ya kuoshea bomba yasimwagwe mtoni wala kisimani.

Kosa lililorudiwa kwenye dawa zote za awali lilikuwa mkono wa mpigaji. Alisimama wima, akashika nozeli usawa wa kifua, akanyunyiza kwenda chini. Majani yaling'aa juu na kudondosha matone, chini yakabaki makavu. Kulithibitisha hilo, vipande vya karatasi vilibanwa kwa vibanio vya nguo upande wa chini wa majani matano, yakapigwa maji matupu kama kawaida yake. Karatasi nne zilitoka kavu. Akageuza kiwiko cha nozeli kitazame juu, akachuchumaa, akapitisha fimbo ya bomba kutoka chini ya mmea kwenda juu, ndani kwanza na nje baadaye. Karatasi zikajaa vidoa. Kwa mwendo huo mche mkubwa unakula karibu nusu lita au pungufu kidogo, na bomba moja la lita 16 lilitosha kwa nyanya 41 kwa taabu. Bilinganya zilihitaji lita 4 za ziada, mililita 2.

Mpigaji aliyebadilisha mkono bila kubadilisha dawa anaweza kuokoa msimu. Aliyebadilisha dawa bila kubadilisha mkono hununua chupa ya pili.

Kalenda ya mayai

Siku ya tatu baada ya dawa ya kwanza karatasi ilikuwa karibu tupu. Siku ya tano punje ndogo zilizopauka zikaonekana tena, wengi wakiwa wale wa miguu sita walioanguliwa karibuni. Hapa watu wengi husema dawa ni feki na kwenda kuchanganya tatu kwa pamoja. Haikuwa feki. Mayai yalikuwa yamebaki, yameanguliwa, na ndivyo ilivyotarajiwa. Dawa ya pili, abamektini ileile kwa kipimo kilekile, ilipigwa siku ya sita, kabla hao wachanga hawajafika kutaga. Ikichelewa hadi siku ya kumi na mbili, wanakuwa wazazi na mzunguko unaanza upya. Ikipigwa siku ya pili, mayai bado hayajafunguka na dawa imekwenda bure.

Mara mbili ndiyo mwisho wa dawa ya kundi moja kwa kizazi kimoja. Kama ingehitajika ya tatu, ingekuwa ya kundi jingine, kwa mfano spiromesifeni, ambayo inagusa mayai na wachanga. Kubadili jina la kibiashara huku kiambato ni abamektini hiyohiyo si kubadili dawa. Soma maandishi madogo chini ya jina.

Lebo iliagiza siku 7 kabla ya kuvuna (nyingine huandika 3, kila chupa na yake). Kwa kuwa dawa zilipigwa mara mbili kwa siku sita, uvunaji ulisimama siku 13. Ndiyo maana ya kuchuma zilizoanza kugeuka rangi kabla ya kuanza.

Siku ya 15 wiki mbili za salfa zilikuwa zimepita na mavuno yalikuwa yamechukuliwa. Mwarobaini ukaingia: mafuta yake mililita 80 na sabuni ya maji ya vyombo isiyo na jiki mililita 30 kwa bomba la lita 16. Mafuta na sabuni vinakorogwa kwanza kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu mpaka viwe vyeupe, ndipo vinaingia kwenye bomba, na bomba linatikiswa kila baada ya dakika chache. Mimea miwili ilijaribiwa na kuachwa usiku na mchana kabla ya kupiga yote. Asiye na mafuta anaweza kutwanga mbegu kavu za mwarobaini zilizomenywa, gramu 800, akaziloweka usiku kucha kwenye lita 16, akachuja kwa kitambaa mara mbili. Sabuni ya unga haifai, inaunguza. Na kwa walioko pwani, Mikindani au Lindi mjini, ambako visima vingine vina maji ya chumvi au magumu, sabuni ijaribiwe kwenye chupa kwanza: ikitengeneza utandu juu badala ya povu, tafuta maji mengine.

Mchanganyiko huo unaua anaoloweka tu, ukikauka umekwisha. Ulirudiwa kila baada ya siku tano, mara tatu.

Kilichopatikana

Majani yaliyokuwa na madoa hayakurudi kuwa kijani, na hayatarudi kamwe; chembe zilizofyonzwa zimekufa. Mama mwenye bustani alidhani dawa imeshindwa kwa sababu alikuwa akitazama majani hayo. Kipimo ni majani mapya ya kileleni. Mwisho wa Septemba yalitoka safi, na karatasi ikigongwa ilionyesha mmoja au wawili kwa jani, mara nyingine hakuna. Hawakuisha, wala lengo halikuwa waishe. Wachache waliobaki ndio chakula cha walinzi watakaorudi, na mbawakawa weusi wadogo walianza kuonekana kwenye tuta la pili katikati ya Oktoba.

Tuta la pili lilitoa mavuno karibu na ya kawaida. La barabarani matunda yalikuwa madogo, vichala vilivyokauka maua kwa salfa havikubeba kitu, na baadhi ya nyanya zilipauka bega kwa jua. Maji yalichangia uponaji kwa kiasi ambacho hakionekani kwenye chupa yoyote: kila mche ulipata lita 2 asubuhi, udongo ukafunikwa nyasi kavu kwa unene wa vidole vinne, na ndoo mbili za maji zikawa zinamwagwa jioni kwenye ukingo wa barabara kupunguza vumbi. Yurea ilisimamishwa kabisa.

Kwa msimu unaofuata mambo mawili yalipangwa tofauti. Kantangaze atashughulikiwa kwa kuchuma majani yenye vijia mapema, mitego ya harufu, na dawa ya Bacillus thuringiensis inayoua viwavi bila kugusa walinzi. Chupa ya mikorosho inabaki kwa mikorosho. Na mstari wa mbaazi utapandwa kati ya tuta na barabara wakati wa mvua, ili kufika Julai uwe umefikia kifua na kuzuia vumbi.

Nyanya zote ziling'olewa mara mavuno yalipokwisha, pamoja na bilinganya nane, hata zile zilizokuwa bado zinatoa maua. Matuta yataachwa bila nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu kwa wiki nne angalau. Mchicha na bamia vinaweza kupandwa, vikikaguliwa. Fito zilizotumika, ambazo nyufa zake huwaficha utitiri, zilimwagiwa maji ya moto na kuanikwa juani siku kadhaa kabla ya kurudishwa stoo, mbali na mahali miche ya kitalu inapooteshwa.